Koki Inavuja, na Jirani Anajua

Pikipiki yenye koki mbovu haina haja ya kutafutwa gizani. Pua inakupeleka. Ukipita uchochoroni saa tatu usiku ukakutana na harufu ya petroli, ongeza hatua chache tu utaikuta imeegemea ukuta, chini ya injini pana doa jeusi lisilokauka, na mara nyingi pana kopo. Kopo hilo ndilo linaloniuma. Mtu aliyeweka kopo ameshaliona tatizo, amelipima, amelitafutia na chombo, halafu akaenda kulala.

Mwongozo huu ni wa mwenye kopo. Ni wa mwenye Yamaha AG 100 aliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu, wa mwenye DT 125 iliyokuwa ya parokia, na wa mwenye Honda CG 125, injini ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 wakizilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mkubwa na kupata huduma ndogo. Ni wa wenye pikipiki zote za Kichina zilizoiga injini hiyo ya CG pia, zinazobeba wagonjwa, magunia ya mkaa na wanafunzi kuanzia Mbeya hadi Busia. Zote hizo zina kabureta, na zina koki chini ya tangi, kwa kawaida upande wa kushoto, karibu na goti lako.

Utetezi wa mwenye kopo huwa ni mmoja: "Inavuja kidogo tu." Haya, tukipigie hesabu hicho kidogo. Tone la petroli ni dogo kuliko tone la maji. Kwa makadirio, matone 45 hivi yanafanya mililita moja. Koki ikidondosha tone moja kila sekunde mbili, hayo ni matone 1,800 kwa saa, yaani mililita 40. Pikipiki ikilala tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, imemwaga mililita 400. Dereva wa bodaboda anajua mafuta hayo yanamfikisha wapi: kwa injini ya 125, si chini ya kilomita 15. Mchana kutwa anavutana na abiria juu ya shilingi mia mbili, na usiku anaigawia ardhi bure, kila siku, bila hata ardhi kumwomba.

Hasara ya pesa, hata hivyo, ndiyo ndogo. Mijini pikipiki nyingi hazilali nje. Wezi wamewafundisha wenye nazo kuziingiza ndani, kwa hiyo chombo kinalala sebuleni au koridoni, mlango umefungwa, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu, na watoto wametandikiwa mkeka hatua tatu kutoka kwenye gurudumu la mbele. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi ukatoka juu. Unateremka, unatambaa sakafuni, unaufikia mkeka kabla ya kuufikia mlango, na ukikutana na jiko la mkaa lililoingizwa ndani, au koroboi, au kiberiti cha dawa ya mbu, unawaka palepale na kurudisha moto hadi kwenye tangi. Wala baridi haisaidii. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi joto 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata watu wa Makete hawajawahi kuiona. Kwa hiyo kabla ya ukurasa wa pili wa mwongozo huu, pikipiki inayovuja itoke nje leo. Ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo, mwombe mlinzi wa jirani, fanya unavyojua, lakini ndani isilale.

Sasa tuitazame koki yenyewe. Kishikio cha koki kina sehemu tatu: ON, OFF na RES, ambayo barabarani tunaiita rizevu. Ndani ya tangi umesimama mrija mrefu. Kishikio kikiwa ON, mafuta yanaingilia juu ya mrija huo. Yakishuka chini ya mdomo wake, injini inaanza kukata, unageuza rizevu, na mafuta yanaanza kuingilia tundu lililo chini kabisa. Ukiweka OFF, njia zote mbili zinafungwa. Kazi yote hiyo inafanywa na kipande kimoja cha mpira kilicho nyuma ya kishikio: kimviringo, kina matundu, mara nyingi manne, na kipenyo chake hakifiki sentimita tatu. Kishikio kinageuka juu ya mpira huo huku washa ya springi yenye mawimbi ikikikandamiza. Mpira ukikakamaa, ukichimbika mifereji au ukipasuka ukingoni, koki imekwisha.

Kinachoua mpira huo kwanza ni kutu. Tangi la zamani linalokaa nusu tupu hutoa jasho ndani, linashika kutu, na vumbi la kutu linashuka na kukaa kati ya kishikio na mpira, likisaga kila unapogeuza. Kinachofuata ni uvivu wetu. Wako madereva ambao tangu wanunue pikipiki hawajawahi kugusa OFF. Wanaiacha ON mwaka mzima, mpira unakandamizwa mahali palepale mpaka unabaki na alama, kisha siku wanapokigeuza kishikio kwa mara ya kwanza wanashangaa kwamba umegoma kuziba. Na wako wanaotembelea rizevu siku zote, kwa sababu hawajawahi kujaza mafuta ya kutosha kuitumia ON. Hao wananyonya uchafu wote wa sakafu ya tangi, kisha wanamlaumu fundi wa kabureta.

Kabla ya tiba, tuziage tiba za mtaani, maana nyingine zimekaa nasi muda mrefu kuliko pikipiki zenyewe.

Sabuni ya mche inastahili heshima yake. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo tangi likitoboka katikati ya Tunduru na Masasi, ukasugua kipande pale penye tundu, utafika. Lakini koki ina kishikio kinachogeuka, na kila ukigeuza sabuni inapasuka. Halafu inanyesha mvua, na sabuni ambayo petroli ilishindwa kuiyeyusha, maji yanaiondoa ndani ya dakika kumi, tena kwa povu. Bablishi hata hapo haifiki: petroli inailainisha ikateleza na kumwachia mwenyewe mikono inayonata. Kipande cha tyubu kilichokatwa kwa wembe na kuwekwa badala ya oringi kinapendeza siku ya kwanza. Baada ya hapo kinakunywa petroli, kinavimba na kutokeza pembeni. Silikoni ya gaskiti nayo inavimba na kubanduka, na nyuzinyuzi zake zinasafiri moja kwa moja mpaka kwenye jeti ya kabureta. Tredi tepu ni ya mabomba ya maji yenye nyuzi, na koki nyingi hazizibi kwa nyuzi, zinaziba kwa oringi iliyobanwa kwenye uso bapa. Tepu hapo haina kazi ila kuchanika na kufuata njia ya silikoni. Supa gluu inashika vizuri mpaka injini itakapowashwa. Mtikisiko unaipasua, na fundi atakayekuja baadaye hatakuwa na namna ya kuifungua koki bila kuivunja.

Ipo pia tiba ya maneno. Unamwambia fundi, "Koki inavuja." Bila kuinua kichwa anakujibu, "Kaza tu, bosi." Bodi ya koki ni aloi laini iliyomiminwa, na skrubu zake ni ndogo. Mpira uliokufa haufufuki kwa kukazwa. Ukikaza mara ya tatu nyuzi zinakatika, na tatizo la oringi moja linageuka kuwa la koki nzima.

Tiba ya kweli inaanza kwa kujua inavuja wapi, na watu wengi wanarukia spana kabla ya kujua. Futa koki yote kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa. Kisha chukua poda ya mtoto, nyunyiza nyembamba juu ya koki na mpira wa mafuta, na usubiri umeichuchumalia, bila sigara. Poda nyeupe ikilowa inakuwa ya kijivu, na mstari wa kijivu unaanzia palepale penye ugonjwa. Ukianzia juu, pale koki inapokutana na tangi, mbovu ni oringi ya shingoni. Ukianzia kwenye kishikio, ni ule mpira wa matundu. Ukianzia kwenye kikombe cha chini kinachokusanya uchafu, ni oringi ya kikombe, na hapo umebahatika kwa sababu kinafunguka bila kushusha kitu kingine. Ukianzia mwisho wa mpira wa mafuta, koki haina kosa: kata sentimita moja ya mpira uliokakamaa, au badilisha mpira wote, weka na klipu.

Kuna uvujaji mmoja ambao poda haiuoni, na ndio mbaya kuliko yote: koki kavu kwa nje lakini haifungi kwa ndani. Ugeuze kishikio OFF, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa kavu na uache kwa nusu saa. Ukikuta hata matone machache, koki yako ni pambo.

Kwa kazi yenyewe, toka nje penye upepo, mbali na jiko la mama lishe hata kama chapati zake ndizo zilizokuleta. Weka ndoo ya mchanga karibu. Maji juu ya petroli inayowaka yanautawanya moto tu. Kama tangi lina mafuta, usiyavute kwa mdomo. Najua mafundi wanavyovuta, wanatema, wanacheka. Petroli ikikosea njia ikaingia kwenye mapafu, hata kiasi cha kijiko, inayaunguza, na maziwa wanayokimbilia kunywa hayaponyi mapafu. Tena hapa hakuna sababu ya kuvuta. Mpira umeshauchomoa, dumu liko chini, geuza rizevu na mafuta yatashuka yenyewe mpaka mwisho.

Koki nyingi za Kijapani zimeshikwa kwenye tangi na boliti mbili za milimita 6, spana namba 10. Nyingine zina nati moja kubwa. Legeza taratibu, na ukiishusha ivute wima, maana kichujio cha wavu kilicho juu ya mrija ni laini na kinachanika kikigonga ukingo wa tundu. Washa ndogo za nailoni au faiba zilizo chini ya boliti usizitupe. Zinaonekana za kawaida, lakini kwenye koki kadhaa ndizo zinazozuia mafuta kupitia kwenye nyuzi za boliti. Tazama wavu: vumbi la kahawia ni kutu. Mulika ndani ya tangi kwa tochi. Nimeandika tochi kwa makusudi, kwa sababu wako waliochungulia kwa kiberiti.

Uso wa kishikio umefungwa kwa skrubu mbili ndogo za nyota. Hizi ndizo zinazokatisha watu tamaa. Tafuta bisibisi inayokaa sawasawa kwenye nyota, ikandamize kwa uzito wa mwili, na kama skrubu imegoma, gonga kitako cha bisibisi kwa nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha. Zikilegea, vitu vitatoka kwa mpangilio: kibati, washa ya mawimbi, kishikio, mpira. Vipange hivyohivyo juu ya kitambaa cheupe. Piga na picha kwa simu, ukiwa umesogea mbali na mafuta.

Sasa ushike ule mpira. Mzima una uso laini na unarudi ukiukunja. Uliokufa una mduara uliochimbika pale kishikio kilipokuwa kikizunguka, na ukiupitishia ukucha, ukucha unadumbukia. Kama upande wa pili bado ni laini na matundu yanalingana, ugeuze, urudishe. Utakutunza wakati unatafuta mpya, na si ujanja wa aibu. Mafundi wazuri wanaufanya. Kisha tazama uso wa kishikio chenyewe. Ukiona mikwaruzo, mpira mpya utachimbika vilevile baada ya muda mfupi. Weka msasa wa maji namba 600 juu ya kipande cha kioo, dondoshea mafuta ya taa, na usugue uso huo kwa mwendo wa namba 8, bila kuegemea upande mmoja, mpaka mikwaruzo iishe. Malizia kwa namba 1000. Kioo ni lazima, kwa sababu msasa ukiushikilia kwa kidole unachimba bonde jipya. Osha kila kitu, pitisha upepo wa pampu kwenye kila tundu, chembe ya msasa isibaki.

Kununua oringi ni kazi inayotaka ubishi kidogo. Nenda na ya zamani, lakini kumbuka kwamba iliyokaa kwenye petroli inaweza kuwa imevimba. Pima na mfereji inamokaa. Ukiwa Kariakoo au Kirinyaga Road utaonyeshwa oringi mia zinazofanana, na muuzaji atakuambia zote ni sawa. Si sawa. Oringi za breki zinafaa kwa mafuta ya breki, na kwenye petroli zinavimba. Unayoitaka ni ya naitrili, au ya vaitoni ukiipata. Nunua mbili, iloweke moja kwenye petroli ndani ya chupa iliyofungwa, nje ya nyumba, mpaka kesho yake, kisha ilinganishe na pacha wake. Iliyokuwa pete na sasa imekuwa bangili, mrudishie muuzaji.

Ukiamua kununua koki nzima, na kwa jamii ya CG zinapatikana kirahisi, pima umbali kati ya matundu mawili ya boliti, na uangalie urefu wa mrija. Rizevu yako ni yale mafuta yaliyo chini ya mdomo wa mrija. Mrija mfupi ni rizevu ndogo, na hutalijua hilo mpaka uishiwe porini.

Zipo koki ambazo uso wake umefungwa kwa rivet badala ya skrubu. Hizo hazikutengenezwa zifunguliwe. Kuna mafundi wanaozitoboa kwa drili na kuzitengenezea nyuzi, na wanaoweza wanaweza. Kama hujawahi kukata nyuzi kwenye aloi, nunua nyingine. Zipo pia zisizo na OFF, zenye ON, RES na PRI, na mpira wa pili mwembamba unaokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Hizo hufunguliwa na mvuto wa injini ikizunguka, na PRI hupitisha mafuta hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo ndiyo ya kukaushia tangi na si ya kuegeshea. Uchomoe ule mpira mwembamba: ukiwa na petroli ndani, ngozi iliyo ndani ya koki imetoboka na injini imekuwa ikinyweshwa mafuta kwa mlango wa nyuma.

Wakati wa kurudisha, paka oringi oili kidogo, kaza boliti kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, kwa spana fupi na nguvu ya kiganja. Tia nusu lita tu kwanza. Rudia jaribio la nusu saa la chupa kavu, kisha geuza RES uone mafuta yanatiririka bila kukatika. Tangi la kujaza litakuja baadaye, na ON utaijaribu hapo.

Wengi wanaishia hapo, wanafurahi, na ndipo injini inapokufa. Koki iliyokuwa haifungi ndani imekuwa ikiisukumia kabureta mafuta usiku kucha. Sindano ya kabureta ikiwa nayo imelika, mafuta yanapita, yanaingia kwenye silinda, yanateleza kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili iliyopanda bila kuongezwa, iliyo nyepesi kidoleni na yenye harufu ya sheli, si oili tena, na kila kilomita utakayotembea nayo inakula beringi. Kwenye AG na DT, ambazo ni tu-stroki, mafuta hujaa chini ya pistoni, kiki inakuwa nzito na moshi unafunika mtaa. Kiki ikigoma kabisa kushuka, usiipande kwa miguu miwili. Kimiminika hakibanwi, kitakachokubali kupinda ni konrodi. Zima swichi, fungua plagi, ilaze mbali, kanyaga kiki polepole mpaka petroli yote iruke nje, subiri upepo uipeperushe.

Kisha, kwenye CG na jamii yake, fungua boliti ya chini, mwaga oili yote, na utie mpya. Injini ya CG inachukua takriban lita moja. Inunue siku ileile unayonunua oringi, na sindano ya kabureta uiweke kwenye mfuko huohuo.